Programu ya kuchora ya Windows kwenye Linux: Wine, mashine pepe, au niachane nayo?

kalamu_na_rula:

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana nimehangaika wiki nzima na kila ninaposoma napata jibu tofauti.

Mimi ni mchoraji wa ramani za majengo, siyo mtu wa kompyuta kihivyo. Nachora 2D tupu, 3D nagusa kwa bahati mbaya tu. Laptopu yangu ina rami 8GB na SSD ya 256GB, ilikuwa na Windows 10, na mnajua sapoti yake ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 imeikataa mashine kwa sababu haina TPM 2.0 (chipu ya usalama). Nikasema isiwe tabu nikaweka Linux Mint, na kwa kweli mashine imekuwa nyepesi mpaka nikajilaumu kwa nini sikufanya hivi zamani.

Sasa shida ndo programu ya kuchora. Ni ya Windows tu, toleo la kitambo kidogo, leseni nililipia ile ya kudumu na faili la kuinstoli ninalo. Jina silitaji maana nawajua, tutaacha swali tuanze ligi ya ipi kali kuliko ipi, nyie jueni tu inasevu DWG (aina ya faili la mchoro). Nimeiweka kwa Wine (ile ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux), mara ya kwanza ikafika karibu na mwisho ikadai .NET (vipande vya Microsoft ambavyo programu nyingi za Windows zinategemea), nikaiwekea, ikarudi kinyumenyume ikafuta kila kitu ilichokuwa imeweka. Mara ya pili ikamaliza vizuri nikafurahi, kuifungua inaleta ile picha ya mwanzo halafu kimya, picha inaondoka na hakuna kinachotokea, hata era hailetwi.

Swali langu ni hivi, niendelee kuikomalia Wine, au niweke mashine pepe, yaani Windows ikae ndani ya dirisha, au nirudishe Windows pembeni ya Linux niwe nachagua wakati wa kuwasha, au nitafute programu nyingine inayokaa kwenye Linux moja kwa moja? Na kumbukeni mafaili napokea kwa mhandisi na kwa msanifu, nayarudisha kwao, hawatanielewa nikiwaambia habari za Linux.

jino_la_msumeno:

Rudisha Windows mkuu. Maisha mafupi haya.

MzeeWaTerminali:

Msimkatishe tamaa mwenzenu. Ngoja nimweleze Wine inafanyaje kazi ili ajue anagombana na nini.

Wine haiigizi kompyuta. Inachofanya ni kukaa kati, programu ikisema "Windows nipe dirisha, Windows nisomee faili hili", Wine inalipokea ombi inaligeuza kuwa ombi la Linux. Ndo maana ni nyepesi, hakuna Windows nzima inayokula rami nyuma ya pazia. Ubaya wake ni kwamba kila kitu ambacho programu inakiomba lazima kiwe kimeandikwa upya na watu wa Wine, na Windows ina vitu vingi mno. Kazi hiyo ilianza 1993 na toleo la 1.0 likatoka 2008, piga hesabu ni miaka mingapi. Sasa programu za kuchora za kisasa ni walafi, zinataka .NET, zinataka huduma ya leseni inayokaa ikihema nyuma, zinataka Direct3D (njia ya Windows ya kuchora grafiki), na lile dirisha la mwanzo lenye habari na mafaili ya karibuni mara nyingi ni ukurasa wa intaneti uliofichwa ndani. Kimoja kikikosekana unapata hicho unachokipata, picha halafu kimya.

Kosa ambalo nadhani umefanya ni kuweka kila kitu kwenye folda lile lile la ~/.wine, jaribio la kwanza likaacha uchafu, la pili likajengwa juu ya uchafu. Anza na folda jipya la hiyo programu peke yake (winetricks ni kisaidizi cha kuiwekea Wine vipande vya Windows):

WINEPREFIX=~/.wine-kuchora wineboot
WINEPREFIX=~/.wine-kuchora winetricks corefonts vcrun2019 dotnet48

Hiyo dotnet48 inachukua muda, itafungua na kufunga madirisha yenyewe, usiikatishe ukadhani imeganda. Ikiisha ndo uweke programu yako kwa WINEPREFIX hiyo hiyo, yaani folda hilo hilo. Halafu usiifungue kwa kubofya, ifungue kutoka terminali ili uone inalalamika nini, kimya unachokiona kwenye skrini huko terminali huwa ni kelele ndefu. Soma mistari yenye neno err, ile ya fixme achana nayo, hiyo ipo hata programu ikifanya kazi safi.

Jambo la pili, ingia kwenye AppDB ya Wine (orodha ya programu na alama za jinsi zinavyofanya kazi kwenye Wine) utafute toleo lako kabisa, siyo jina la programu tu. Kuna programu toleo moja limepewa Gold na toleo linalofuata limepewa Garbage, na hiyo Garbage wanaiandika hivyo hivyo hawaoni haya. Kama toleo lako liko huko chini usipoteze wikiendi yako.

La tatu na la muhimu: kama kuna mtu anakushawishi uchukue toleo lililovunjwa leseni ukaliweke kwenye Wine kwa sababu "Linux haina virusi", mkatae. Wine kwa kawaida inalipatia folda lote la mfumo wako jina la diski Z:, kwa hiyo programu chafu ya Windows ikikaa ndani ya Wine inaona nyaraka zako zote vilevile kama wewe unavyoziona.

penseli2B:

Kabla hamjamjaza amri mimi nina swali. Mkuu kalamu, hiyo programu kwa siku unaifanyia nini hasa? Siyo inaweza nini, WEWE unafanya nini. Kwa sababu mhandisi wako hajali umechorea wapi, anachojali ni DWG ifunguke kwake na mistari ikae mahali pake, leya zile zile, maandishi yale yale. Tukijua kazi yako ndo tutajua kama unahitaji hiyo programu au unahitaji DWG tu.

Na fanya hivi, fungua terminali kwenye folda la kazi andika

head -c 6 ramani.dwg

utuambie inaleta nini. Herufi sita za kwanza za DWG ndo zinasema ni ya toleo gani. AC1032 ni ya 2018, AC1027 ni 2013, AC1024 ni 2010, AC1021 ni 2007, AC1018 ni 2004, AC1015 ni 2000.

kalamu_na_rula:

Mkuu penseli swali zuri, sikuwahi kujiuliza. Nimekaa nimefikiria. Muda mwingi nafungua mchoro uliokuja, nasogeza kuta, naongeza milango, naweka vipimo, naprinti PDF. Kuna vijiprogramu vitatu vya LISP (lugha ya kuandikia amri za ziada kwenye programu za kuchora), kimoja kinahesabu maeneo ya vyumba kinayapanga kwenye jedwali, hivyo viwili vingine ni vya kubadili leya. Bila hicho cha maeneo mimi nimekwisha, nitarudi kupiga kikokotoo.

Hiyo amri imeleta AC1027 kwa ya kwangu, ya mhandisi imeleta AC1032. Aisee sikujua kumbe DWG inajitaja hivi.

Mzee nimefuata maelekezo yako yote, folda jipya, dotnet48 imekaa kweli kama ulivyosema. Saizi programu inafunguka!! Mistari inachoreka, lakini nikisogeza mchoro kwa mausi skrini inabaki na vivuli vya mistari ya zamani, na nikibofya kuprinti inajifunga.

MzeeWaTerminali:

Hatua kubwa hiyo. Hivyo vivuli ni mambo ya grafiki, ingia kwenye mipangilio ya programu uzime matumizi ya kadi ya grafiki (kwa AutoCAD amri ni GRAPHICSCONFIG, ya kwako tafuta inayofanana). Ukizima bado vivuli vipo jaribu kuweka DXVK kwa winetricks, hiyo inageuza Direct3D kuwa Vulkan (njia ya grafiki inayokaa kwenye Linux), ila kadi yako lazima iwe inaijua Vulkan, laptopu za zamani sana hazijui.

Kwenye kuprinti sikudanganyi, hapo ndo pagumu. Unaweza kukwepa kwa kusevu DXF (faili la mchoro la kubadilishana kati ya programu) kisha ukaprinti na kitu kingine, lakini ukishaanza kukwepa kwepa kila siku siyo kazi tena hiyo.

nusu_milimita:

Naona mzee amekubali mwenyewe mwishoni kwamba Wine itampa mtu stresi 😀 Mimi nimetumia mashine pepe kwa kazi hii hii kwa muda mrefu, nitoe ya kwangu.

Kwanza ukweli mchungu: rami 8GB ni ndogo. Windows 11 yenyewe inataka 4GB na nafasi ya diski 64GB kama kiwango cha chini kabisa, ukiipa 4GB Linux yako inabaki na 4GB, ukifungua kivinjari chenye tabu kumi mashine inaanza kuhema. Kama laptopu yako inakubali kuongezwa rami hiyo ndo pesa ya kwanza kutoa kabla ya programu yoyote. SSD kubadilisha inaweza kusubiri.

Pili, ingia BIOS hakikisha VT-x (Intel) au AMD-V, ile ya prosesa inayosaidia mashine pepe, imewashwa, laptopu nyingi huja imezimwa halafu watu wanalalamika mashine pepe ni kobe. Tatu, chagua kati ya VirtualBox na KVM (mashine pepe ya Linux yenyewe) na virt-manager, dirisha la kuiendeshea. VirtualBox ni rahisi kwa mtu anayeanza, na kuanzia 7.0 inaweza kuigiza TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha), kwa hiyo Windows 11 inayokataa laptopu yako kwa sababu ya TPM, kosa hilo ndani ya VirtualBox halipo. KVM ina kasi zaidi ukiiwekea draiva za virtio ila mipangilio yake ina mambo.

Ukishaweka Windows ndani weka Guest Additions (draiva za VirtualBox), bila hiyo skrini ni ndogo na mausi inatambaa. Pandisha kumbukumbu ya video mpaka mwisho. Na humo ndani pia zima kadi ya grafiki kwenye programu ya kuchora, kwa 2D hutaona tofauti, na utaepuka kukrashi kwingi kusikoeleweka. Mtu wa 3D nzito au Revit huyo ni kesi nyingine, anahitaji kuikabidhi kadi ya grafiki nzima kwa mashine pepe, na hapo kwa kawaida unahitaji kadi mbili na ubao mama unaokubali, tusiende huko.

Programu yako kwa kuwa leseni yake haihitaji kupiga hodi intaneti kila siku, mashine pepe ikate mtandao kabisa. Fungua, chora, sevu, funga. Na leseni ya Windows pia soma masharti, ile iliyokuja na laptopu siyo lazima ikuruhusu kuihamishia ndani ya mashine pepe.

jino_la_msumeno:

Yaani anatoka kwenye Windows, anaweka Linux, ndani ya Linux anaweka Windows. Sasa si bora angebaki na Windows.

nusu_milimita:

Tofauti ni kwamba ile Windows ya ndani ikiharibika narudisha hali niliyoihifadhi jana kwa kubofya mara moja. Wewe ikiharibika ya kwako unafanyaje, unaanza kutafuta flashi.

jino_la_msumeno:

Hapo umenikamata.

DadaRamani:

Samahani nachelewa kufika ila naona wote mmekimbilia kuibeba programu ya zamani. Kaka kalamu (au dada, nisamehe kama nimekosea), penseli kakuuliza swali la maana na jibu lako linaonyesha unahitaji vitu vitatu: DWG mpaka ya 2018, LISP, na PDF yenye skeli sahihi. Hivyo vipo kwenye Linux bila Wine.

LibreCAD ni ya bure na nyepesi, ila chumba chake cha kulala ni DXF. DWG inafungua kwa kubahatisha na kusevu DWG haisevu. Kwa mtu anayechora vyake mwenyewe mwanzo mwisho ni nzuri sana, kwa mtu wa kupokea na kurudisha mafaili ya watu siyo. QCAD ya bure nayo ni DXF, ile ya kulipia ndo inasoma na kuandika DWG. FreeCAD imekua sana tangu 1.0 ilipotoka Novemba 2024 lakini fikra zake ni za vipuri na 3D, ukimpa mchoraji wa ramani za nyumba atalia wiki ya kwanza.

Zinazobaki kwa kazi yako ni BricsCAD na ARES Commander. Zote za kulipia, zote zina toleo la Linux kabisa, zinaandika DWG moja kwa moja, amri ni zile zile ulizozoea kuandika, L ni mstari, TR ni kukata, na LISP zinasoma. Tahadhari moja kwenye BricsCAD ya Linux: LISP sawa, lakini nyongeza zilizoandikwa kwa VBA au .NET hizo ni za Windows tu. Kwa hiyo fungua hivyo vijiprogramu vyako uangalie mwisho wa jina la faili, kama ni .lsp una matumaini, kama ni .dvb au .dll sahau.

Zina kipindi cha kujaribu, usinunue kabla hujapakia mchoro wako mbovu kuliko yote. Siyo ule msafi, ule wenye xref saba (michoro mingine iliyounganishwa ndani yake) na hachi (mistari ya kujazia) zilizoganda.

kalamu_na_rula:

Kaka, uko sawa 😀 Zote ni .lsp. Ila bei ndo sina uhakika kama naiweza kwa sasa, programu yangu nililipia tayari roho inauma kuiacha. Hivi siwezi kutumia LibreCAD halafu nikabadilisha kwenda DWG mwishoni?

DadaRamani:

Unaweza, kuna ODA File Converter, ya bure, ina toleo la Linux, unaipa folda la mafaili na folda la kutolea inageuza DWG kuwa DXF na kurudi, unachagua na mwaka wa toleo. Mimi naitumia kila wiki. Lakini sikushauri uifanye njia yako ya kila siku kwa mafaili ya watu. Mchoro ukizunguka DWG, DXF, LibreCAD, DXF, DWG, kila kituo unaacha kitu. Zile bloku zinazobadilika umbo ukivuta kishale zinakuwa bloku za kawaida zenye majina yasiyoeleweka yanayoanza na *U, mhandisi akizibofya hazivutiki tena, atakupigia simu. Kwa mchoro wa kuangalia tu au kuchukua vipimo haina neno.

penseli2B:

Naongezea hapo. Kama faili la mhandisi limetoka kwenye programu kubwa kama Civil 3D au Architecture, kuna vitu ndani ambavyo programu yoyote nyingine inaviona kama kivuli tu, unaona umbo lakini hulishiki. Hilo siyo kosa la Linux, hata Windows ni hivyo hivyo. Mwambie akutolee kwa EXPORTTOAUTOCAD vitu vyote vigeuke mistari ya kawaida. Na akupe kwa ETRANSMIT, hiyo inafunga mchoro, xref, mafonti na CTB (mipangilio ya mistari wakati wa kuprinti) kwenye zipu moja, ugomvi nusu unaisha hapo.

kalamu_na_rula:

Wakuu narudi na majibu ya siku nne.

Nimechukua VirtualBox. Kuwasha tu ikagoma, VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. BIOS iko sawa nimeangalia mara tatu. Kuna mtu anajua hii?

Pia nimepakua BricsCAD ya majaribio, imeingia kama programu nyingine yoyote ya Linux, LISP ya maeneo imefanya kazi mara ya kwanza, nilikaa nikaiangalia tu. Ila mchoro wa mhandisi maandishi yote ni alama za kuuliza ????? na xref mbili kati ya nne hazionekani wakati mafaili yapo kwenye folda hilo hilo nayaona kwa macho.

nusu_milimita:

Hiyo era maana yake KVM imeshaishika VT-x kabla VirtualBox hajafika. Kuanzia keneli 6.12 KVM inaishika mara tu inapopakiwa, zamani ilikuwa inasubiri mpaka uwashe mashine. Kwa muda, andika

sudo modprobe -r kvm_intel

kisha washa VirtualBox. Ikikubali, iweke ya kudumu kwa kuongeza kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye mipangilio ya kubuti. Au achana na VirtualBox utumie hiyo hiyo KVM kwa virt-manager, ipo tayari kwenye keneli, haivunjiki kila ukifanya apdeti. Na kama Secure Boot imewashwa kwenye laptopu yako VirtualBox itakusumbua na kusaini moduli zake pia, KVM haina hayo.

DadaRamani:

Alama za kuuliza ni mafonti ya SHX. Zamani wachoraji walitumia mafonti yaliyotengenezwa kwa mistari, romans.shx, simplex.shx na mengine ya ofisi za watu, na mchoro haubebi font ndani yake, unabeba jina la font tu. Programu ikikosa inaweka mbadala, mbadala ukikosa herufi ile ndo unaona alama ya kuuliza. Muombe mhandisi hayo mafonti (ndo maana penseli alisema ETRANSMIT), uyaweke folda moja, kisha kwenye mipangilio uongeze folda hilo kwenye njia za kutafutia mafaili ya msaada. Usiyabadilishe maandishi kuwa Arial ukadhani umetatua, upana wa herufi unabadilika na maandishi yaliyokuwa yanakaa ndani ya chumba yanatoka nje ya ukuta.

Xref zako angalia mambo mawili. Njia iliyoandikwa kama inaanza na C:\ au D:\ huku kwetu hakuna C, ibadilishe iwe ya kulingana na mahali mchoro ulipo. Ya pili ndo imenitesa mimi miezi: Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Mchoro unatafuta Msingi.dwg, faili linaitwa MSINGI.DWG, kwa Windows ni kitu kimoja, huku ni mafaili mawili tofauti na moja halipo. Macho yako yanaona lipo, mfumo hauoni.

kalamu_na_rula:

Dada Mungu akubariki. Ilikuwa herufi kubwa. XREF-GRIDI.DWG na ndani imeandikwa Xref-Gridi.dwg. Nilikuwa nalitazama hilo faili nusu saa!

Mafonti nimeyapata, maandishi yamerudi. Nimehamia KVM kama nusu alivyosema, nimeweka draiva za virtio, programu yangu ya zamani inafunguka humo ndani na inaprinti. Siyo haraka lakini inaenda. Mpango wangu kwa sasa nachora kwenye Linux mpaka majaribio yaishe, nikikaribia kutuma naufungua mchoro ndani ya mashine pepe kuhakikisha haujageuka kitu. Nikipata pesa nanunua rami kwanza halafu leseni.

Swali dogo la mwisho. Nikifungua kwa mashine pepe mchoro uliopo kwenye folda la pamoja wakati mwingine inaniambia unatumika na mtu mwingine, na mimi niko peke yangu chumbani.

nusu_milimita:

Uko peke yako lakini programu ziko mbili 😀 Zikifungua mchoro zinaacha faili dogo la .dwl na .dwl2 pembeni kama kufuli. Mashine pepe ikizimwa ghafla kufuli linabaki. Hakikisha hujaufungua upande wowote kisha yafute hayo mawili. Na usije ukaufungua pande zote mbili kwa wakati mmoja ukasevu kote, utapoteza kazi ya upande mmoja na hutajua upi.

kalamu_na_rula:

Sawa limeisha hilo. Ila samahani jamani nimesema la mwisho kumbe kuna lingine. PDF nimeitoa kwenye BricsCAD A3, skeli 1:100, nimeprinti kwenye printa, nimepima ukuta wa mita 3 kwa rula unatoka milimita 29 badala ya 30. Mchoro umeharibika au programu?

penseli2B:

Hakuna kilichoharibika. Fungua dirisha la kuprinti la kile kisomaji chako cha PDF, utakuta kimeweka tiki kwenye kutoshea karatasi, kinaupunguza ukurasa ili kingo za printa zisikate kitu. Weka saizi halisi, asilimia 100. Na siku wakikupa PDF ya A1 ukaiprinti kwenye A3 kumbuka urefu umekatwa nusu, 1:100 imekuwa 1:200, uandike kwenye kichwa cha mchoro kabla fundi hajapima na rula.

kalamu_na_rula:

Ndo hicho. Nimeweka asilimia 100 nimeprinti tena, ukuta milimita 30 kamili. Namtumia mhandisi sasa hivi.

jino_la_msumeno:

Hiyo ISO ya Mint uliipakua wapi mkuu, nataka kuangalia tu.